Chama cha shamba tunacho. Cha PhD je?

Wasee, hebu hesabu vyama vilivyo kwenu nyumbani. Mathe ana kile cha kanisa, ana kile cha kununuliana sufuria, halafu ana cha shamba kule Kitengela ambacho hati "iko njiani" tangu ukiwa darasa la nne. Buda ana chake na maboyz aliosoma nao. Hata wewe usijifanye, kuna siku ulitoa mia mbili kwa kikundi cha WhatsApp cha kwenda Naivasha na safari ikafia hapo hapo kwa chati. Mkenya hafanyi kitu kikubwa peke yake. Harusi ina kamati, matanga yana kamati, bili ya hospitali ina paybill na mwekahazina. Halafu mtu anaingia PhD, miaka minne, mitano, wengine nane, na ghafla sisi wote tunakubaliana kwamba hiyo ni kazi ya mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa.

Mimi nasema PhD nayo ifanywe kwa chama. Na nazungumzia hasa PhD za elimu, za walimu, kwa sababu hizo ndizo nimeziona kwa karibu, na kwa sababu zinakuhusu kuliko unavyodhani.

Zinakuhusu vipi? Chukua CBC. Majaribio yalianza 2017, na Januari 2026 kikosi cha kwanza kiliingia Gredi ya 10. Miaka hiyo yote kila Mkenya amekuwa na maoni. Dereva wa matatu ana maoni, pasta ana maoni, mimi mwenyewe nimeshatengeneza video tatu za maoni. Lakini ukiuliza swali dogo tu, kwa mfano mwalimu mmoja wa shule ya umma Kangemi anapimaje kazi za mikono za watoto sabini kwa wiki moja, na inamgharimu nini, maoni yanaisha. Hapo unahitaji mtu aliyekaa kwa hilo darasa akahesabu. Watu wa kuhesabu wapo. Ni walimu wenyewe, wamejiandikisha PhD, na majibu yao yamelala kwa laptopu zilizokwama sura ya pili.

Anti yangu, mdogo wa mathe, ni mmoja wao. Ni naibu wa mwalimu mkuu kwa shule ya upili upande wa Kinoo. Alijiandikisha akiwa na mtoto wa miaka mitatu. Huyo mtoto sasa yuko Gredi ya 4 na anamrekebishia Kiingereza. Mwaka wa kwanza, kwa sherehe za familia, alikuwa anatambulishwa kama "daktari wetu". Guka alikuwa anamwekea kiti cha mbele. Mwaka wa nne hilo jina lilianza kutajwa kwa sauti ya chini, vile watu huulizia habari za mgonjwa. Mwaka wa sita hakuna aliyelitaja. Kukutania watu wanaweza, na unaweza kuvumilia. Wakiacha kukutania ndio unajua mambo ni mabaya.

Kwa wale hawajui hii safari ikoje, nitaipitia haraka. Unasoma masomo ya darasani kwanza, hiyo sehemu ni poa kwa sababu mko wengi. Halafu unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya jopo. Ukipita, unatafuta idhini ya kamati ya maadili, kisha kibali cha NACOSTI, wale wako Upper Kabete karibu na Waiyaki Way, ingawa siku hizi unaomba mtandaoni. Hicho kibali ni cha mwaka mmoja, kwa hivyo ukichelewa unaomba tena. Ukishakipata bado unabeba barua kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla hujagusa shule yoyote. Kama utafiti wako ni wa Nairobi utaijua Nyayo House vizuri sana, hasa foleni ya lifti. Unakusanya data. Unaandika. Unatakiwa pia uwe umechapisha makala mbili kwa majarida yanayokaguliwa na wataalamu, kwa sababu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliweka hivyo kwa viwango vyake vya 2014. Ndipo unakabidhi tasnifu na kuitetea.

Sasa ona kitu kimoja hapo. Darasani mko wengi. Baada ya darasa, kila hatua iliyobaki uko solo, na msimamizi wako ambaye naye ana wanafunzi wengine, madarasa ya digrii ya kwanza, na pengine mshahara uliochelewa. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba. Siwalaumu, walikuwa wanadai haki yao. Ila fikiria wewe ni mwanafunzi wa PhD, umetuma sura ya tatu Agosti.

Anti alituma sura yake mwaka mwingine kabisa, bila mgomo wowote, na akakaa miezi minne bila jibu. Chuo sitakitaja. Karo ya mwaka huo ililipwa yote. Akaandika barua ya kuacha. Najua kwa sababu nilikuwa natafuta nafasi kwa hiyo laptopu, ilikuwa imejaa, na faili lilikuwa hapo kwa deski likiitwa "barua". Sikulifungua. Sikuhitaji.

Kilichobadilisha mambo ni meseji. Mwalimu mmoja waliyesoma naye darasani alimwandikia: nimekwama, najua nawe umekwama, tukutane tukwame pamoja. Wakawa wawili, kisha watano. Mmoja anafundisha shule ya msingi Kangemi, mmoja ni mkufunzi wa chuo cha walimu, mmoja shule ya kibinafsi Lavington, na mzee mmoja aliyekuwa afisa wa elimu ambaye wote wanamwita Mwenyekiti, na hakuna aliyempigia kura.

Walijaribu kukutana mjini kwanza. Mkahawa wa katikati ya jiji ukikaa masaa matatu bila kununua chakula, wahudumu wanaanza kukufagilia miguuni. Wakajaribu McMillan pale Banda Street, ile yenye simba wa mawe mlangoni, imekuwepo tangu 1931. Pazuri sana, nenda uone. Lakini maktabani huwezi kubishana, na hawa watu kazi yao ni kubishana. Mwishowe wakapata darasa la chekechea Uthiru, Jumamosi moja ndiyo moja hapana, saa tatu hadi saa sita. Uthiru iko katikati. Aliyetoka Kikuyu anakuja na 105, wa Kangemi akiamua anatembea, na wote wanafika nyumbani kabla jam ya Waiyaki Way haijakasirika.

Niliitwa pale kama fundi. Walitaka programu ya kupanga marejeo, nikawawekea Zotero, ni ya bure. Kazi ilikuwa ya nusu saa. Nilikaa hadi mwisho kwa sababu sikuwa nimewahi kuona watu wazima watano, wamekaa kwa viti vya watoto wa miaka minne magoti yakigusa kidevu, wakichambuana namna ile.

Mfumo wao waliutoa kwa chama, na hawafichi. Ni mzunguko. Unajua mzunguko unavyoenda, wote mnachanga, mmoja anakula, wiki ijayo mwingine. Tofauti ni kwamba hapa kinacholiwa ni masaa. Kila kikao mmoja ndiye anakula. Jumatano usiku anakuwa ametuma kurasa kumi, si kumi na moja. Wengine wanne wanazisoma na kalamu ya risasi. Jumamosi anakaa mbele anasulubiwa masaa mawili, na saa ya mwisho kila mtu anasema ameandika nini tangu mara ya mwisho. Hakuna "nimesoma soma". Umeandika kurasa ngapi. Usipotuma Jumatano, faini mia mbili. Zile faini zinaenda kwa kisanduku, na hicho kisanduku ndicho kimelipa kuchapisha na kujalidi nakala za mmoja wao aliyemaliza. Simu ziko kwa kikapu cha vidoli.

Siku niliyokuwa pale zamu ilikuwa ya anti. Mwenyekiti akamuuliza:

"Mwalimu, hapa umeandika walimu hawana motisha. Umejuaje? Uliwauliza ama umeamua?"

"Hilo kila mtu analijua, Mwenyekiti."

"Basi kama kila mtu analijua, NACOSTI walikupa kibali cha nini?"

Watu wakacheka, yeye pia akacheka, lakini akaandika pembeni. Na nikawaza, hilo swali angeulizwa mara ya kwanza na jopo, mbele ya watu asiowajua, akiwa amevaa suti. Hapa ameulizwa kwa kiti cha chekechea na mtu atakayempa lifti hadi Kinoo. Kosa ni lile lile, bei ndiyo tofauti.

Najua kuna msee anasoma hii anasema: si hiyo ni kuandikiana tu? Si ndio. Na acha tuongee ukweli kuhusu kuandikiana, kwa sababu hii mji tunaijua hiyo kazi. Kuna vijana wengi wa rika letu, kwa bedsitter za Kinoo na Roysambu na Juja, wanalala mchana na kuandika usiku kazi za wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Filamu ya *The Shadow Scholars* ya 2024 inawahusu hao, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya. Sitawahukumu, kodi ni kodi. Lakini inaniuma kichwa kufikiria kwamba kwa jengo moja kunaweza kuwa na kijana anamalizia tasnifu ya mtu wa Manchester, na mlango wa tatu kuna mwalimu amekwama kwa yake mwenyewe, na akikata tamaa kabisa mtu atamnong'onezea bei.

Kwa sababu hiyo ndiyo njia nyingine. Mtu mpweke, amechoka, karo imelipwa, familia inauliza. Huyo ndiye mteja. Kikundi cha Uthiru kina sheria moja ambayo wakiivunja wanavunja kikundi: hakuna kugusa kibodi ya mwenzako. Unauliza swali, unapiga mstari, unasema "hapa nimepotea". Sentensi anaandika mwenyewe. Na wanne wakisoma kurasa zako kwa mwaka mzima, wanajua sauti yako. Ukileta kurasa zilizonunuliwa watajua kabla hawajageuza ya pili.

Vile vile na majarida. Hilo sharti la makala mbili limezaa biashara yake, majarida feki yanayokutumia barua pepe ya "Ndugu Profesa Mheshimiwa" na kukuahidi kuchapishwa kwa siku tano ukilipa. Ukiwa peke yako usiku wa manane unaweza kuingia box. Kwa kikundi mtu anasema, hao walinitumia pia, wachana nao. Dakika moja.

Sisi Wakenya nasi tuna unafiki kidogo kuhusu haya mambo. PhD ikichukua miaka tisa tunacheka. Wengi wakimaliza pamoja tunashuku. Juni 2019 JKUAT ilitoa PhD 118 kwa mahafali moja na nchi nzima ikaruka, CUE ikaingia kuchunguza. Kuchunguza ni sawa kabisa, digrii lazima iwe na uzito. Lakini nilikuwa natamani siku moja tuulize pia upande wa pili: wale wanaoanza na hawamalizi, nani anachunguza walikopotelea?

Na hapa ndipo sikubaliani na Mwenyekiti. Yeye anasema kikundi ni ukomavu, mtu mzima hangoji kusaidiwa. Mimi naona vyuo vinatoka bure. Mtu analipa karo kamili, halafu kitu kinachomfikisha mwisho ni darasa la kuazima na viti vya watoto? Na si eti haiwezekani kupanga vizuri. Pale Kitisuru kuna kituo cha utafiti kinaitwa APHRC. Pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini wanaongoza mpango unaoitwa CARTA, tangu 2008. Ni wa wahadhiri wa vyuo vya Afrika wanaofanya PhD za afya ya umma na idadi ya watu. Wanachukuliwa kama kikosi, wanaanza pamoja, na wanakutanishwa kwa semina nne zilizopangwa kulingana na hatua za PhD: ya kwanza unanoa swali lako, ya mwisho unajifunza maisha ya baada ya PhD. Yaani kuwa na wenzako kumeandikwa kwa mpango wenyewe, hakukuachiwa bahati. Hiyo ina wafadhili, ndio. Lakini chumba kimoja, Jumamosi, na orodha ya watu sita waliofikia hatua zinazokaribiana, hiyo haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Fakulti ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko kampasi ya Kikuyu, kama kilomita 20 kutoka mjini, imezungukwa na shule na walimu kutoka Kinoo hadi Limuru. Ukitaka mahali pa kujaribu hili jambo, ramani imeshakuchagulia.

Sisemi kikundi ni dawa ya kila kitu. Nimeona mapungufu. Hakiwezi kusaini fomu. Msimamizi akinyamaza miezi minne, watu wanne wazuri hawawezi kujibu kwa niaba yake, wanaweza tu kukusaidia kuandika barua ya heshima lakini yenye meno, na kukukumbusha uitume. Tena kikundi kikiwa kikubwa kinakufa. Anti bado yuko kwa kile cha WhatsApp cha kikosi chao chote, watu hamsini na kitu. Kule ni maua ya "asubuhi njema", michango ya matanga, na mtu mmoja anayeuza mayai ya kienyeji. Watano ni sawa. Saba pengine. Na wawe wa fani moja. Hawa wa Uthiru hawahitaji kuelezana kwamba Novemba hakuna kikao kwa sababu ya KCSE, wala kwa nini wiki ya kufungua shule mtu hawezi kusoma hata ujumbe.

Kuna pia mmoja aliyetoka. Alihama, kikao kikawa mbali, akajaribu kwa Zoom mara mbili tatu akapotea. Wanamtumia kurasa hadi leo. Hajibu. Wanazituma tu.

Wewe mwenye miaka kumi na tisa, wazo hili halingoji uwe na PhD. Una mradi wa mwaka wa mwisho, una diploma, una kozi ya mtandaoni umeianza mara tatu. Tafuta watu watatu, mkubaliane kurasa, siku na faini. Faini ni muhimu. Bila faini mtakuwa marafiki tu, na marafiki watakuambia iko sawa.

Anti ametetea pendekezo lake na kumaliza kukusanya data. Shule kumi na mbili, zote za upande huu wa Waiyaki Way. Sasa hivi yuko sura ya nne na ile faili ya "barua" sijaiona tena kwa deski, ingawa inawezekana ameihamisha tu, namjua. Guka bado hajarudisha kile kiti.

Shida iliyopo ni nyingine. Mwenye chekechea ameuza, na mwisho wa mwezi ujao darasa la Uthiru linabomolewa kujengwe nyumba za kupangisha. Watano hao sasa wanatafuta chumba kati ya Kangemi na Kikuyu, Jumamosi asubuhi, masaa matatu, wana pesa kidogo ya kisanduku. Meza ikiwepo ni sawa. Viti vidogo wameshazoea. Kama unajua mahali, niambie nimpigie Mwenyekiti.